Gamba la Chatu Mchanga

Wasemao "jivue gamba" hudhani ni kazi ya dakika moja. Nyoka hujiandaa siku nyingi. Magofu ya Tongoni, kilomita 17 hivi kusini mwa Tanga, yangemfaa: mawe ya matumbawe ya kuparuzia pua, na unyevu wa bahari wa kulainisha ngozi. Chatu mchanga wa Afrika Magharibi (si yule mkubwa wa mapori yetu), afugwaye ndani ya sanduku la kioo huko London au Chicago, mara nyingi hukosa vyote viwili. Gamba lake hukatika vipande. Na kwa kuwa nyoka hana kope, kigamba kikuukuu huganda juu ya jicho.

Mlezi mwenye huruma ya pupa humbandua kwa kucha, akaichana ngozi mpya. Afadhali kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na subira. Jicho aachiwe tabibu wa wanyama.

Aliyekonda ni mtihani mkubwa zaidi. Macho yakishafifia na kuwa na utando kama wa maziwa, aghalabu hali, na kumlazimisha ni kumzidishia hofu. Apewe joto, nyuzi 31 hivi za sentigredi upande mmoja wa sanduku, na kipango chenye giza. Gamba likishatoka, apewe panya asiyezidi unene wa kiwiliwili chake, kila baada ya siku saba hivi. Kisha asishikwe siku mbili, asije akatapika. Apimwe uzani kila juma. Ukizidi kushuka, asingojewe tena, apelekwe kwa tabibu.