Fundi wa Mibonyeo

Kwa miaka 11 kazi yake ilikuwa kuondoa mibonyeo. Katika gereji moja ya Changamwe, Mombasa, alijifunza kwa ami yake kulisoma bati kwa kiganja kabla ya kulitazama kwa macho, kwa kuwa vidole hulihisi bonde ambalo mng’ao wa rangi hulificha. Kisha hufuata nyundo, puti, msasa mkavu, msasa wa maji, rangi ya msingi na mwishowe rangi yenyewe. Kazi iliyokamilika ni ile isiyoonekana. Mteja akilizunguka gari lake mara mbili asijue lilipogongwa, ami husema, “Basi,” na chai huagizwa.

Siku hizi, katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba huko Hounslow, magharibi mwa London, mtu huyohuyo hukesha akitengeneza mibonyeo.

Anachokitengeneza ni nakala ya helmeti ya Boba Fett, mwinda watu wa filamu ya The Empire Strikes Back ya mwaka 1980. Deraya ya mwindaji huyu haikuanza na makovu. Mwaka 1978 ilijaribiwa mbele ya kamera ikiwa nyeupe tupu. Baadaye Joe Johnston akaipaka rangi upya, akaitia kijani, wekundu uliofifia, mikwaruzo na mbonyeo kwenye kuba la helmeti. Hakuna vita vilivyoichakaza. Ilichakazwa kwa brashi, na mtazamaji akaamini kwamba mtu huyu, ambaye hasemi ila maneno machache katika filamu nzima, ametoka mbali na ameponea mengi.

Fundi wa Hounslow huipata helmeti yake ikiwa plastiki iliyochapwa kwa mashine, tabaka juu ya tabaka, mistari yake ikihisika kama mifuo ya kitana. Huifunika kwa puti na kuipiga msasa, kwanza wa namba 120, kisha 240, kisha 400, mpaka iteleze. Hapo ndipo fundi wa zamani angelaza vifaa vyake. Fundi wa sasa ndiyo kwanza anaanza. Hupuliza rangi ya fedha iwe badala ya chuma. Ikikauka, hudondosha dawa ya meno mahali panapotakiwa kuchubuka, akapuliza rangi ya kijani juu yake, na baadaye akaiosha ile dawa kwa maji. Kijani hung’oka pamoja nayo, fedha ikachungulia. Mwisho huzimua rangi nyeusi na ya udongo, akaipaka kote, akaifuta upesi kwa kitambaa ili ibaki mifuoni na pembeni tu, kama taka inavyobaki palipokosa kufikiwa na mkono.

Ugumu wa kazi hii haumo mikononi. Umo katika swali linalotangulia kila mkwaruzo: nani alifanya nini hapa? Rangi huisha kwenye ukingo unaoshikwa wakati wa kuvua. Masizi hukaa karibu na palipopigwa risasi, wala si popote. Vumbi huanza miguuni. Anayechakaza ovyo hupata kitu kichafu. Anayejua kisa hupata kitu kikuukuu.

Safari fupi ya basi kutoka kwake iko Twickenham, ambako Andrew Ainsworth alizitengeneza mwaka 1976 helmeti za askari weupe wa filamu ya kwanza ya Star Wars, kwa kulainisha plastiki kwa joto na kuifyonza juu ya kalibu. Miaka mingi baadaye alianza kuuza nakala, akashitakiwa na Lucasfilm. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba helmeti ile si sanamu mbele ya sheria. Ni kitu chenye matumizi, na matumizi yake ni kusaidia kutengeneza filamu. Fundi aliisoma habari hiyo mara mbili. Kwamba kitu kinaweza kuwa na kazi, na kazi hiyo ikawa kuaminisha watu lisilokuwapo, hakuhitaji jaji wa kumweleza. Puti ya Changamwe nayo ilikuwa na kazi.

Katika mwaka wake wa mwisho gerejini ililetwa matatu iliyopinduka. Alipokuwa chini yake aliuona ufa katika chasisi, mwembamba, mrefu kama kidole. Gari lilikuwa lauzwa kesho yake, na mwenye nalo alikuwa amekwisha kulipa. Aliusafisha ufa, akaujaza puti, akapaka rangi nyeusi. Matatu ilitoka iking’aa. Miezi mitatu baadaye naye aliondoka, na hakulisema jambo hilo kwa mtu yeyote. Kila alipolisikia jina la barabara ya Mombasa katika habari za ajali, alisikiliza aina ya gari.

Usiku mmoja alimpigia ami yake kwa video, akaielekeza kamera kwenye mbonyeo wa helmeti.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Nani amekigonga?”

“Nimekigonga mimi. Ndivyo kinavyotakiwa.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakaza macho. “Umekosea. Bati likibonyea, rangi ya katikati haiumii sana. Inayopasuka ni ile ya ukingoni, pale bati lilipokunjika. Hapo ndipo maji hupenya, na hapo ndipo kutu huanzia. Wewe umechubua katikati.”

Alikuwa kweli. Fundi alichukua brashi, akaifunika fedha ya katikati kwa kijani, akaanza kuzungusha nyufa ndogo ukingoni, huku mzee akimwelekeza kutoka Mombasa: hapo, zaidi, basi. Kazi ilipokaribia kwisha mzee aliuliza kama mnunuzi anajua kwamba kovu hili ni la uongo.

“Anajua. Nimeandika ndani: nakala, na mwaka.”

“Vyema.” Kimya kikapita. “Ile matatu hatukuiandika kitu.”

Brashi ilisimama. “Kumbe ulijua, ami?”

“Nani alikupa puti?”

Hakuna aliyeuliza matatu ile iliishia wapi. Mzee alisema kumekucha, anakwenda kuswali. Fundi aliigeuza helmeti, akaisoma tena ile alama ya ndani ambayo mvaaji huifunika kwa kichwa chake. Kisha akaipitia kwa kalamu nzito zaidi.