Kilichomo Tengani

Simu ya wakala wa forodha ilinikuta dukani Lushoto asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka barabarani.

"Dada, mzigo wako umefika Dar. Sasa niambie, ni nini hasa?"

Nilicheka. "Vifaa vya printa. Si nimeandika?"

Niliandika hivyo, na nikamwambia muuzaji wa Guangzhou aandike hivyo hivyo kwenye ankara. Ndani ya maboksi kulikuwa na chupa za wino, chupa za poda ya tona na katriji za leza. Kwangu vyote vilikuwa kitu kimoja: kile kinachoisha katikati ya kazi.

Wakala hakucheka. Wino wa kuchapia, alisema, uko sura ya 32, pamoja na rangi. Katriji yenye ngoma na gia ndani yake ni sehemu ya mashine, 84.43. Poda ya tona ikija peke yake chupani ni 37.07, miongoni mwa kemikali za kusafishia picha.

"Picha? Mimi nachapa mitihani!"

Akanieleza. Sura ya 37 inahusu picha zinazotokea kwa nguvu ya mwanga, na printa ya leza huandika kwa mwanga juu ya ngoma kabla poda haijashika. Tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima, mbili za mwisho za Afrika Mashariki, na kila kifungu kina kiwango chake cha ushuru. "Vifaa vya printa" havipo.

Mzigo ukafunguliwa, ukahesabiwa upya. Siku zikapita, gharama za kuhifadhi zikapanda. Nilikuwa nimepokea malipo ya awali ya mitihani ya muhula ya shule moja ya msingi. Nikarudisha pesa. Mwalimu Mkuu akachukua flashi yake, akateremka Mombo, akaenda kuchapa Korogwe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jioni nilimsimulia mama, aliyeuza mapeasi miaka mingi. Aliendelea kuchambua maharage.

"Mimi nikipeleka tenga Dar siandiki 'matunda'," alisema. "Nasema mapeasi, mabivu mangapi, mabichi mangapi. Dalali asipojua kilichomo, bei anaipanga yeye. Na ukimficha, anakupangia mbaya zaidi."

"Sikuficha, mama."

"Hukusema. Kule mjini ni kitu kimoja."

Ankara iliyofuata ilijaa ukurasa mzima: poda ya tona, chupa, uzito wake, katriji yenye ngoma, ya printa gani, wino, rangi gani. Mzigo ulipofika nilipanda shuleni na karatasi ya mfano mkononi.

Mwalimu Mkuu aliigeuza, akaisoma mbele na nyuma.

"Tuanze na darasa la tatu tu," akasema.