Kwa Basi Kutoka Mwanza Hadi Homa Bay

Mtu akiitazama ramani ataona kwamba Mwanza na Homa Bay ni miji ya ziwa moja, naye atadhani kwamba njia iliyo nyepesi ni ya majini. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Meli za Shirika la Reli la Afrika Mashariki zilizunguka bandari za Ziwa Viktoria, na Homa Bay ilikuwa mojawapo ya bandari hizo. Siku hizi msafiri huenda kwa barabara, na kwa kuwa njia hiyo huvuka mpaka wa Tanzania na Kenya, yafaa kuieleza kwa ajili ya wale ambao hawajaipita, hasa mkulima au karani ambaye hana fedha za kupoteza njiani.

Basi huondoka Mwanza, likapita Magu, Lamadi na Bunda, likavuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, kisha likapanda Tarime hadi Sirari. Sehemu hii sina mengi ya kuieleza, ila abiria akae upande wa kulia. Karibu na Lamadi barabara hupakana na mbuga ya Serengeti, na mwenye bahati huona nyumbu na pundamilia bila kulipa kiingilio.

Sirari ndio mwisho wa Tanzania, na Isebania ndio mwanzo wa Kenya. Maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja, hata msafiri hugongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia katika nyumba ile ile. Awe na pasi au hati ya kusafiria ya muda, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano awe nacho pia. Mwenye karatasi pungufu asitumaini kwamba basi litamngoja, maana abiria wengine wana safari ndefu mbele yao.

Kisha kuna habari ya fedha. Hadi mwaka 1966 shilingi ya nchi hizi ilikuwa moja, na mtu aliweza kuuza ng'ombe Tarime akanunua bati Migori kwa noti zile zile. Sasa kila nchi ina shilingi yake, na ya Kenya ni nzito kuliko ya Tanzania mara nyingi. Wabadilishaji watakukimbilia kabla hujashuka. Uliza bei kwa watu wawili au watatu, nawe pokea fedha yao uihesabu kwanza, ndipo utoe yako. Tena ujue kwamba huko makondakta wengi hulipwa kwa M-Pesa. Mgeni asiye na namba ya simu ya Kenya achukue noti ndogo ndogo za kumtosha.

Mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wadachi mwaka 1886, wala hawakuwauliza wenyeji. Wakuria wako pande zote mbili, na Wajaluo wa Shirati ni ndugu za Wajaluo wa Migori. Katika basi nilikaa na mama mmoja mzee aliyepandia Tarime, naye alikuwa akienda kumzuru dada yake huko Homa Bay. Nilipomwambia kwamba naona foleni ya mihuri ni ndefu, alicheka.

"Mwanangu," akasema, "foleni si kitu. Mimi nimeuona mpaka huu umefungwa."

Alikuwa akisema habari za miaka ile baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Tanzania iliufunga mpaka mwezi wa Februari 1977, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mama huyu alikuwa ameolewa Shirati, na wazazi wake walikuwa karibu na Rongo. Mama yake alifariki mwaka 1979. Habari ilimfikia kwa wavuvi, siku nane baada ya maziko. Wengine walipenya usiku kwa njia za vichakani, lakini yeye alikuwa na mimba kubwa. "Nililiona kaburi baada ya miaka minne," akasema, "na majani yalikuwa yamekwisha kulifunika." Nikampa pole. Hakuendelea na habari hiyo, akaanza kutafuta pasi yake mkobani, maana zamu yetu ilikuwa imefika.

Kutoka Isebania mpaka Migori si mbali. Migori ni mji wa biashara wenye kelele nyingi na vumbi la kutosha, na katika nchi iliyouzunguka watu wamechimba dhahabu tangu wakati wa Waingereza. Mwenye nafasi ya siku moja aende Thimlich Ohinga, penye kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala chokaa zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mwaka 2018 UNESCO ilipatia mahali hapo heshima ya urithi wa dunia. Baada ya Migori ni Awendo, mji wa miwa na kiwanda cha sukari, na baada ya Awendo ni Rongo.

Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Homa Bay haiko katika barabara kuu. Basi la masafa marefu hushika njia ya Kisii, likaendelea Kisumu au Nairobi, na abiria wa Homa Bay hana budi kushuka Rongo. Mwambie kondakta mapema, tena umkumbushe mnapotoka Awendo, la sivyo utaamkia Kisii na nauli ya kurudi ni juu yako.

Pale Rongo wapiga debe watakunyang'anyia mzigo. Ushike mwenyewe. Nauli usiwaulize wao. Muulize mama auzaye ndizi, naye atakwambia kweli. Tangu mwaka 2004 sheria ya Kenya inataka gari za abiria ziwe na mikanda na kidhibiti mwendo, lakini vigari vidogo vya njia za pembeni hujazwa mpaka mlango unafungwa kwa bega. Mimi na yule mama tulikiacha cha kwanza, tukangoja matatu. Tulikaa karibu saa nzima, wala sikuona hasara.

Ukipita Rodi Kopany barabara huanza kuteremka, na mara ziwa huonekana, na kilima cha Asego kimesimama juu ya mji kama pia iliyogeuzwa. Sokoni Homa Bay Kiswahili chako kitaeleweka, ila majina ya samaki ujifunze upya. Dagaa huko ni omena, sato ni ngege, na sangara ni mbuta. Niliagiza sato, mwenye hoteli akanitazama. Yule mama akanena neno moja la Kijaluo, na sahani ikaja na ugali wa mtama.

Kwa kurudi, uondoke Homa Bay alfajiri, kwa sababu basi litokalo Kisii haliingii Rongo tupu, na mwenye kuchelewa husimama mpaka Migori.