Mkao wa Land Rover ya Babu

Arusha,
14 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Picha ulizonituma nimezipata na nimezikuza moja baada ya nyingine. Nimefurahi sana kuona Land Rover ya babu yako, ile 109 ya petroli, imesimama tena kwenye magurudumu yake ikiwa na springi mpya za majani. Umeniuliza mambo matatu: kwa nini gari limeinuka kiasi kile, kwa nini upande wa kushoto uko juu kuliko wa kulia, na kama umruhusu fundi azichome springi moto ili zishuke.

Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu haliwezi kungoja. Usimruhusu. Chuma cha springi kilipashwa moto kiwandani, kikazimwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa joto la kiasi. Matayarisho hayo ndiyo yanayokifanya kipinde chini ya mzigo na kurudi kilivyokuwa. Moto wa gesi unaiua tabia hiyo mahali ulipopita. Jani litashuka leo kama fundi anavyotaka, kesho litazidi kushuka, na siku moja litakatika palepale lilipochomwa. Tena kumbuka kwamba katika gari hili springi haibebi uzito tu. Ndiyo inayoishika ekseli isiende mbele wala nyuma. Jani kubwa likikatika ukiwa kwenye mteremko wa changarawe, ekseli inahama na gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Sasa turudi kwenye kimo. Kwanza ujue kwamba jicho lako limezoea gari lililochoka. Miaka yote uliyoliona gari hilo uani kwa babu, springi zake zilikuwa zimenyooka kabisa na kutu imejaa kati ya majani. Hicho hakikuwa kimo chake. Springi ulizofunga ni za parabola: majani machache, kila moja nene katikati na jembamba kuelekea ncha, nayo hayasuguani kwa urefu wote kama yale ya zamani. Zinapokuwa mpya zina upinde mkubwa, kwa hiyo gari likitoka tu gereji lazima lionekane refu. Sehemu ya kimo hicho itashuka yenyewe baada ya kilomita mia chache za barabara ya kweli, na sehemu nyingine itabaki kwa sababu ndiyo halali yake. Ukianza kurekebisha leo, utarekebisha kitu ambacho bado hakijatulia.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo halijirekebishi lenyewe, nami naliona katika picha yako ya tatu. Fundi anakaza bolti za sheko, yale maungio ya ncha ya springi na chasisi, huku gari limewekwa juu ya stendi na ekseli inaning'inia. Nisikilize vizuri hapa. Ndani ya kila jicho la springi mna bushi, nayo ni raba iliyoshikamana na mabomba mawili ya chuma, moja ndani na jingine nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa lisizunguke. Kuanzia hapo springi ikipanda na kushuka, kinachojipinda ni raba yenyewe. Sasa ukikaza wakati ekseli inaning'inia, umeiambia raba kwamba hapo ndipo pa kupumzikia. Ukishusha gari chini, bushi zote zinabaki zimejikunja saa zote, mchana na usiku, zikisukuma gari juu. Gari linakaa refu kuliko springi zinavyotaka, linakuwa gumu, na raba inachanika mapema.

Dawa yake haina gharama. Shusha gari kwenye sakafu iliyo sawa, likae kwa uzito wake. Legeza bolti zote za macho ya springi na za sheko, uzito ukiwa palepale juu ya springi. Lisogeze gari mbele na nyuma kidogo, ulisukume kwa nguvu kila kona lipande na kushuka, kisha ukaze. Kazi hii mara nyingi inashusha gari kuliko mtu anavyotarajia, tena bila kugusa springi.

Baada ya hapo ndipo upime, na usipime kutoka ardhini. Tairi la 7.50-16 ni refu kuliko la 6.00-16, na tairi lenye upepo mdogo linadanganya. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake kabisa. Upepo wa matairi uwe sawa kushoto na kulia, tangi liwe na mafuta nusu, na mtu mwenye uzito wako akae kwenye kiti cha dereva. Andika namba nne, moja kwa kila kona, na tarehe. Kisha endesha kilomita mia chache, uzikaze tena yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli, kwa kukatiza pembe kwa pembe, upime upya. Namba hizo za pili ndizo za kuaminika.

Kuhusu gari kulalia upande mmoja, hapo pana siri ambayo mafundi wengi wa siku hizi hawaijui. Land Rover yenye usukani wa kulia inabeba dereva kulia, na tangi la petroli la lita 45 liko chini ya kiti chake. Tangi likijaa, petroli peke yake ni kama kilo 33. Kiwanda kililijua hilo, kwa hiyo springi za asili hazikuwa sawa: ya upande wa dereva ilitengenezwa iinue zaidi. Seti nyingine za parabola nazo hufuata desturi hii, na nyingine huja zikiwa na springi zote sawa. Angalia lebo au namba iliyogongwa kwenye springi zako. Kama ni za kutofautiana, na ile ya dereva imefungwa kushoto, umeshapata jibu la picha yako.

Kama namba zote ni sawa, badilisha springi ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Mwinamo ukihama pamoja na springi, tatizo ni springi, mrudishie muuzaji. Mwinamo ukibaki palepale, usizilaumu springi tena. Kagua chasisi, hasa masikio yanayoshikilia sheko, kwa sababu bodi ya aluminiamu haiozi kwa kutu lakini chasisi ya chuma iliyo chini yake inaoza kimyakimya. Tofauti ya sentimita moja kati ya kushoto na kulia mimi naikubali katika gari la umri huo. Zaidi ya hapo natafuta sababu.

Nyuma kuinuka kuliko mbele, hilo lisikunyime usingizi mpaka umejiuliza gari litabeba nini. 109 liliundwa kwa ajili ya mzigo. Tuseme springi yako ya nyuma inashuka sentimita moja kwa kila kilo 40. Magunia manne ya mahindi, kilo mia kila moja, yakilala juu ya ekseli ya nyuma, kila springi imepata kilo 200 na gari limeshuka sentimita 5. Babu yako alikuwa akipakia hivyo kila msimu, na kwake nyuma ilikuwa inakaa sawa. Wewe ukienda nalo kazini ukiwa peke yako, litainua mkia siku zote. Kwa hiyo amua kwanza matumizi, ndipo uchague springi. Kama hutabeba mizigo, rudisha hizo za nyuma uchukue nyepesi zaidi. Usikate jani wala usiweke mifuko ya mchanga kuficha kosa la uchaguzi.

Umegusia pia koili. Mtu akikushawishi ukate chasisi ili uweke koili, mwambie koili katika Land Rover za kazi ziliingia na One Ten mwaka 1983, na gari hilo lilipewa chasisi yake. Series III, jamii ya hili la babu yako, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ilibaki na springi za majani mpaka mwisho wake. Liache la babu liwe lilivyo.

Kimo kikishatulia, kagua vinavyofuata kimo. Cha kwanza ni shokapu. Springi za parabola hazina msuguano wa kuzituliza, kwa hiyo shokapu ndizo zinazofanya kazi yote hiyo. Acha ekseli ining'inie, upime kutoka kifungio cha juu cha shokapu hadi cha chini. Kisha inua ekseli kwa jeki mpaka iguse raba ya kizuizi kwenye chasisi, upime tena. Shokapu ikivutwa yote lazima iwe ndefu kuliko kipimo cha kwanza, na ikibanwa yote iwe fupi kuliko cha pili. Gari likisimama kawaida, shokapu iwe karibu na katikati ya mwendo wake. Ikiwa imeshafika mwisho, kila shimo utakalopita litaivunja shokapu badala ya kuishusha springi.

Ekseli ikiwa bado inaning'inia, tazama mipira ya breki. Isikazike hata kidogo. Zungusha propela shafti kwa mkono usikilize kama maungio yanagusa chuma. Halafu sikiliza usukani barabarani. Ekseli ya mbele ilipangwa kulalia nyuma nyuzi 3, na pembe hiyo ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Springi zenye upinde mwingine, au sheko ndefu anazozipenda fundi wako, zinaipindua ekseli na pembe inapotea. Usukani ukianza kutangatanga, kabari nyembamba kati ya springi na ekseli inairudisha pembe hiyo. Mwisho elekeza taa za mbele upya, kwa sababu gari likiinuka, mwanga unawaingia machoni wanaokuja.

Mpwa wangu, najua unataka gari lipendeze, nami nataka hivyo hivyo. Ila kimo sahihi ni kile kinacholiachia gurudumu nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka, gari likiwa na mzigo wake wa kila siku. Hicho hakipatikani kwa kutazama kutoka mbali. Mzuie fundi kesho asubuhi kabla hajawasha gesi, ulegeze bolti na kuzikaza upya gari likiwa chini, kisha unitumie zile namba nne. Usinunue wala usikate chochote kabla sijaziona.

Wasalimie mama yako na wadogo zako.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.