Kola Kwanza, Tai Baadaye

Bumu likiingia kabla ya fildi, wanaume wa Ndaki ya Elimu hapa UDOM utatukuta Sabasaba tukipekua mitumba. Tunatafuta mashati mawili matatu na tai, ili tuitwe mwalimu bila mtu kucheka. Wengi huanza na tai kwa sababu ndiyo inayovutia macho. Mimi nasema, kaka, anza na kola.

Kola ndiyo inayoliachia fundo nafasi. Kola ambayo ncha zake zimekaribiana ina nafasi finyu. Inafaa fundo jembamba, lile la kuzungusha mara moja, kupandisha shingoni na kushusha chini. Huwa linaegemea upande kidogo, ndivyo lilivyo. Hata kola ya vifungo kwenye ncha inakaa nalo vizuri. Kola iliyotanuka ni habari nyingine: ukiiwekea fundo hilo, huku na huku panabaki wazi. Hiyo inataka Windsor, fundo nene la pembetatu linalopitishwa pande zote mbili. Ila linakula tai. Kama wewe ni mrefu, ncha itaishia tumboni badala ya kufika kwenye mkanda. Hapo nusu Windsor itakuokoa.

Jina lisikutishe. Duke wa Windsor mwenyewe, yule Edward aliyeacha ufalme wa Uingereza mwaka 1936, hakuwa akifunga fundo hilo. Tai zake zilishonwa nene, akifunga fundo la kawaida linaonekana kubwa. Walioiga mwonekano wake ndio waliolizungusha mara nyingi.

Kwa nini nahangaika na haya? Kwa sababu kwenye mtumba huchagui kola. Unachukua shati linalokutosha shingo, basi. Anayejua fundo moja ataliacha shati zuri kwenye rundo. Anayejua matatu, shati la elfu tatu litamkaa kama alipimwa na fundi. Na kola ikichakaa pale shingoni usilitupe: fundi cherehani anaifumua, anaigeuza, upande mzima unakuja juu.

Wapo wanaosema tai ni ukoloni, tena kwenye jua hili la Dodoma ni mateso. Nawaelewa. Kaunda suti, iliyopata jina kwa rais wa kwanza wa Zambia, haihitaji tai na heshima yake ipo palepale. Lakini mimi nina miaka 22, na wa kidato cha nne nimewazidi minne au mitano tu. Nyumbani hakuna aliyewahi kuvaa tai. Baba ni mkulima wa zabibu, aliponiona nimevaa aliuliza, "Mwanangu, shingo haikuumi?"

Wanafunzi nao wengi huvaa tai, ni sare yao. Utakuta mtoto amefungiwa na kaka yake mwezi wa kwanza na hajaifungua mpaka leo. Anaivulia kichwani na kuitundika msumarini. Hao ndio watakaoikagua yangu siku ya kwanza, kabla sijaandika tarehe ubaoni.

Basi na waikague, nimeifunga mwenyewe. Na fundo la mmoja wao likifumuka, sitamfungia. Nitamsimamisha pembeni wakati wa mapumziko, nifungue yangu, tuanze pamoja. Haimo kwenye muhtasari wa somo, lakini ni kufundisha.