Laptopu Ilipojifunga na Picha za Biharusi Zimo Ndani



Wengi mlituandikia mkitaka tumalizie mada ya nguo za ukumbini. Inshaallah itakuja. Leo tuna jambo letu la aibu kidogo tunalotaka kulisimulia, kwa sababu limegusa amana ya mtu, na kwa sababu mabiharusi wa msimu huu wanahitaji kulisikia kabla hawajatoa hata shilingi ya arubuni kwa mpiga picha.

Mnatujua kwa kazi yetu. Sisi ni watatu, dada wawili na wifi yetu, na tunapiga picha upande wa wanawake: singo, hina, siku ya kupamba, ukumbini. Biharusi hatuchagui kwa kuwa tunawashinda wengine kwa ufundi. Hapa mjini wapo vijana wa kiume wenye kamera ambazo sisi tunaziona kwenye picha tu. Anatuchagua kwa kuwa anajua nywele zake, shingo yake na mikono yake yenye piko mpaka kwenye kiwiko haitaonwa na mwanamme asiyemhusu. Picha ni nusu ya biashara yetu. Nusu nyengine ni amana.

Sasa sikilizeni tulivyoichezea hiyo nusu ya pili.

Laptopu yetu ilikuwa inaomba kufanyiwa apdeti kwa wiki kadhaa. Kila tukiiwasha, kile kidirisha kinatokea pembeni, nasi tunabonyeza "nikumbushe baadaye" kama mtu anayemfukuza paka jikoni. Alhamisi moja, siku mbili baada ya harusi kubwa, picha zaidi ya elfu mbili zimo ndani tayari, tukachoka nacho. Ilikuwa karibu na Maghribi. Tukabonyeza "sawa", tukaenda kusali, kisha jikoni.

Uniti za umeme zikaisha. Hatuna wa kumlaumu. Mita ilikuwa ikitulilia tangu mchana na pasi ilikuwa imefanya kazi siku nzima. Betri ya laptopu ni ya zamani, ikiwa na furaha inakaa dakika kumi. Siku hiyo haikuwa na furaha. Mpaka tumenunua uniti kwa simu, ujumbe umechelewa, namba zimeingizwa kwenye mita kwa mwanga wa tochi, laptopu ilikuwa imezima zamani, katikati ya ile asilimia yake.

Tulipoiwasha haikutuletea picha ya ufukweni tuliyoizoea. Ilileta skrini ya buluu yenye maandishi meupe, ikatutaka tuandike ufunguo wa tarakimu 48.

Tarakimu arubaini na nane! Tulijaribu paswedi. Tukajaribu tarehe ya kuzaliwa, tukajaribu namba ya simu. Wifi yetu akasema labda tuisomee. Tulicheka, lakini tuliisomea.

Baadaye ndipo tulipoelewa. Kompyuta nyingi za siku hizi huja na kufuli ambalo mwenyewe hujui kama limefungwa. Kwenye Windows linaitwa BitLocker, au kwenye laptopu za nyumbani "usimbaji wa kifaa". Kila kilichomo kwenye diski kinageuzwa kuwa fumbo, na kompyuta inalifumbua kimya kimya kila ukiiwasha, hivyo hulioni. Faida yake ni kubwa kwa watu kama sisi: mwizi akiiba laptopu, hata akiitoa diski na kuitia kwenye mashine nyengine, haoni kitu. Lakini apdeti ikigusa ile programu ya ndani kabisa inayoiamsha kompyuta, kompyuta inaweza kujishuku. Inamuona mwenyewe kama mwizi, inadai ufunguo.

Tukampigia fundi. "Leteni, nitapiga window, nusu saa tu." Na picha? "Picha zitaondoka, lakini laptopu itapona." Alilisema kwa upole kabisa, kama daktari. Tukampigia wa pili. Yeye akasema atatoa diski ajaribu kwenye mashine yake, huenda akapata kitu.

Hapo ndipo tulipogombana, na si ugomvi mdogo. Wifi alisema bora zipotee kuliko mwanamme akae dukani kwake anazifungua moja moja ahakikishe kama zimetoka salama. Mdogo wetu akasema fundi ni kama daktari, dharura ina hukumu yake. Mkubwa alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza: "Nani katupa sisi haki ya kuamua? Za kwetu hizi?"

Hatukumjibu. Na jambo la aibu zaidi ndilo hili: siku nne nzima mama yake biharusi alitupigia, na sisi tukamwambia "bado tunazitengeneza". Tulijua tunasema uongo. Kadi ya kamera tulikuwa tumeifuta siku ya pili ili tuende nayo kwenye harusi nyengine. Nakala ilikuwa moja tu duniani, ndani ya kile kibati cha buluu.

Sisi tunapozungumza amana kwenye ukurasa huu, mara nyingi tunaitaja aya ya 58 ya Surat An-Nisaa. Tumeitaja mara ngapi? Na kila mara tuliifahamu kwa upande wa macho, kwamba tusimuonyeshe mtu, tusirushe kwenye status, tusiweke kwenye ukurasa bila idhini. Usiku ule tukaifungua tena tukaona inachoamrisha waziwazi, amana zirejeshwe kwa wenyewe. Kuificha hakutoshi ikiwa hutaweza kuirejesha. Sisi tulikuwa tumeziba kila dirisha, tukasahau kwamba nyumba inaweza kuungua.

Siku ya tano tukampigia biharusi mwenyewe. Alinyamaza. Kisha akauliza kitu kimoja: "Na ya bibi?"

Bibi yake alikuja kutoka Pemba kwa boti, mgonjwa, ameshikwa mikono huku na huku. Maisha yake yote akiona kamera anajifunika ukaya. Siku ile ya kupamba alimwita mjukuu wake, akamshika kidevu, akatwambia sisi, "Haya, pigeni." Tulipiga kama picha sita. Hakuna nyengine.

Tukamweleza habari ya mafundi, yote mawili, tukamwambia uamuzi ni wake. Akasema, "Kwa fundi msizipeleke. Tafuteni huo ufunguo kwanza."

Dada zetu, ufunguo huwa upo mahali. Hilo hatukulijua. Mara nyingi unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kuianzisha kompyuta siku ya kwanza, na ukiingia kwenye akaunti hiyo kwa simu yoyote utauona, makundi manane ya tarakimu sita sita. Lakini sisi hatukuianzisha laptopu yetu. Kijana aliyetuuzia ndiye aliyetufanyia kila kitu kwa imeli yake, "ili dada zangu msihangaike", nasi tukamshukuru. Maana yake ufunguo wa picha za mabiharusi wetu wote ulikuwa kwa kijana wa dukani kwa mwaka na nusu, na hatukuwa na habari.

Tulimpata akiwa Dubai anafuata mzigo. Mungu amlipe kheri, alikaa chini akatusomea tarakimu moja moja, na mkubwa akaziandika nyuma ya kadi ya harusi. Tulikosea kundi moja, tukarudia. Laptopu ikafikiri, ikajirudisha nyuma kwenye hali yake ya zamani kabla ya apdeti, na kiasi cha saa mbili baadaye ufukwe ukatokea. Mafolda yote yamo. Bibi yumo, ameshika kidevu.

Tungependa kumalizia hapo, lakini hatukuokoa kila kitu. Video ya usiku wa hina ilikuwa kwenye simu ya mdogo wetu. Wiki ile ile simu nayo ilitaka apdeti, ikasema nafasi haitoshi. Akafuta video akijua zimo kwenye laptopu, kumbe hiyo moja hatujaihamisha. Simu nyingi zina kapu la vilivyofutwa. Kwenye iPhone kitu hukaa siku 30 kabla hakijaondoka moja kwa moja. Lakini kikiwa kwenye kapu bado kinakula nafasi, na apdeti ilikuwa bado inalalamika, basi akamwaga na kapu. Nyimbo za hina, na sauti ya bibi anayeitikia kwa nyuma, zimekwenda.

Msidhani ni sisi tu wazembe. Mwezi wa Oktoba 2018 Microsoft ilitoa apdeti kubwa ya Windows 10, tarehe 2, na ndani ya siku chache ikalazimika kuisimamisha, kwa sababu kuna watu waliokuta faili zao zimefutika, hasa waliokuwa wamehamisha mafolda yao ya nyaraka na picha. Ilirudi katikati ya Novemba imeshatengenezwa. Na Julai 2024 apdeti ya mwezi iliwaletea baadhi ya watu ile ile skrini ya kuomba ufunguo, bila umeme wao kukatika.

Wapo sasa watakaosema, basi sisi apdeti hatufanyi maishani. Hapana. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizunguka dunia kikifunga mafaili ya watu na kudai pesa, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Dawa yake ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla, ndani ya apdeti ya Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka. Na Windows 10 yenyewe Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025, kwa hiyo wengi wenu mtaulizwa mhamie 11, na kuhama huko ndiko kunakotaka akili iwe imetulia.

Sisi sasa tunafanya hivi. Kadi ya kamera haifutwi mpaka picha ziwe sehemu mbili nje ya laptopu. Tumenunua diski mbili za nje, zote zina paswedi. Moja inakaa kabatini kwetu, moja kwa mama, maana moto na mwizi havichagui. Apdeti tunaiwasha asubuhi, uniti zimo, chaja imechomekwa, na diski ya nje imechomolewa. Akaunti ya laptopu ni yetu. Ufunguo mpya, si ule aliokuwa nao kijana, tumeuandika kwa kalamu kwenye daftari la hesabu. Mkubwa anapenda kutukumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'an, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni. Anatukumbusha mno, kwa kweli.

Kuhusu kuweka picha mtandaoni hatujakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Nafasi ya bure ni ndogo, Google inatoa GB 15 pamoja na imeli zako, OneDrive GB 5, na harusi moja inazimaliza. Lakini lililotushtua ni jengine: kompyuta inaweza kuwa inapeleka huko vilivyomo kwenye skrini ya mwanzo na folda la picha, na wewe hujui. Tulipoangalia yetu tukakuta folda mbili za mabiharusi zimeshapanda, kwenye akaunti ya yule kijana. Tulimwomba atoe akaunti yake na azifute, akafuta tukiwa naye kwenye simu, akaapa hajawahi kuzifungua. Tunamdhania vyema. Mabiharusi wawili wale tumewaambia. Na jueni pia kuwa picha za simu zinazokwenda mtandaoni zenyewe kwa kawaida ukizifuta kwenye simu zinafutika na kule, kwa hiyo hiyo si nakala ya kutegemea.

Biharusi mtarajiwa, siku ya kulipa arubuni muulize mpiga picha wako: nakala ngapi, ziko wapi, ufunguo nani anao, na lini utazifuta. Akikasirika, tafuta mwengine. Na picha zako zichukue mapema, usisubiri albamu.

Biharusi wetu alikuja Jumamosi na mama yake. Alizipitia za bibi mara tatu bila kusema kitu, kisha akauliza video ya hina. Tulimwambia ukweli wote, na tukamrejeshea fedha za video. Mama yake alisukuma bahasha, "hapana, haya ni makadara". Biharusi akanyoosha mkono, akaichukua, akaihesabu.