Jina la Pili

Katika mwaka wangu wa tatu wa kufundisha chuo kikuu niliandika riwaya fupi ya upelelezi. Ilimhusu mtunza ghala wa hospitali ya wilaya aliyekutwa amekufa siku mbili baada ya kuandika barua juu ya dawa zinazopotea. Niliitoa kwa jina lisilo langu, ikauzwa kwenye meza za vitabu karibu na kituo cha mabasi. Katika fomu ya kupandishwa cheo sikuitaja. Nilijiambia kwamba nawaogopa wakubwa wa hospitali, kumbe niliwaogopa zaidi wenzangu wa idarani.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: “Mwalimu, mtu aliyekwisha kupata tuzo kubwa anajificha nini?” Alikuwa akimsoma John Banville wa Ireland. Mwaka 2005 Banville alipata Tuzo ya Booker kwa riwaya yake The Sea, na mwaka uliofuata akachapisha Christine Falls, riwaya ya upelelezi, kwa jina la Benjamin Black. Nilimjibu kwamba Banville hakujificha hasa, maana jina lile halikuwa siri. Lilikuwa kama koti la kazi: msomaji ajue mapema leo anaingia karakana ipi.

Jibu hilo halikuniridhisha mwenyewe, nikairudia Christine Falls. Inaanzia katika chumba cha maiti, Dublin ya miaka ya 1950. Quirke, daktari anayechunguza maiti, anamkuta ndugu yake wa kulelewa pamoja, naye daktari, akilichezea faili la mwanamke kijana aliyefariki. Kutoka kwenye faili hilo tunafika kwa watoto wachanga wanaopelekwa Marekani kimyakimya, chini ya kivuli cha Kanisa na watu waheshimiwa, wakiwamo wa familia ya Quirke mwenyewe. Miaka 15 baadaye, Januari 2021, tume rasmi ya Ireland ilitoa ripoti juu ya makazi ya akina mama waliozaa nje ya ndoa: watoto wapatao 9,000 walifariki katika taasisi 18 zilizochunguzwa. Sisemi kwamba Black alitabiri, kwani minong’ono ilikuwapo siku nyingi. Nasema tu kwamba riwaya ya upelelezi haikuruhusu kuishia kwenye huzuni. Inakudai umtaje aliyetia saini, na nani alikuwa na ufunguo wa kabati. Watumishi wa umma mnaonisoma mnajua uzito wa maswali hayo.

Wapo waliosukumwa na mambo mengine. Cecil Day-Lewis alikuwa mwalimu na mshairi. Mwaka 1935, akihitaji fedha za kutengeneza paa linalovuja, alianza kuandika riwaya za upelelezi kwa jina la Nicholas Blake. Mwaka 1968 akateuliwa kuwa mshairi rasmi wa taifa la Uingereza. Paa lile halikumpunguzia kitu.

Kwetu, Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale kwa jina lake kamili. Faraji Katalambulla naye hakuliona haya jina lake juu ya jalada la Simu ya Kifo, mwaka 1965. Haya tulizileta sisi wasomi, tulipozipanga kazi hizo katika kapu la “fasihi pendwa” na kuzisukumia wiki ya mwisho ya muhula, pale mwalimu anapokuwa amechoka na wanafunzi wanawaza nauli. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi.

Sasa niseme lililonileta. Mtunza ghala wa riwaya yangu alikuwa mjomba wangu. Yeye hakuuawa. Aliandika barua yake kweli, akahamishiwa kituo cha mbali, akastaafu watu wakimnong’ona kwamba mwizi alikuwa yeye. Alinisimulia yote barazani kwake, pole pole, akitaja hata rangi ya daftari la kupokelea dawa. Kitabu kilipotoka sikumpelekea. Kumpa kungekuwa kukiri kwamba ni changu, nami nilikuwa nangojea barua ya kuthibitishwa cheo. Nikasema nitampa baadaye. Akafariki mwezi Ramadhani, kabla ya hiyo baadaye.

Banville aliliweka pembeni jina la Black mwaka 2020, akaitoa Snow, riwaya ya mauaji ya padri, kwa jina lake mwenyewe. Aliweza kuchagua: majina yote mawili yalikuwa yake, na wasomaji walijua. Jina langu la pili lilinikinga mimi peke yangu. Mjomba hakuwa na jina la pili la kutilia saini barua yake.

Fomu ya mwaka huu iko mezani. Kwenye orodha ya machapisho nimeongeza riwaya ile na mwaka wake, na katika safu ya mwandishi nimeandika majina yote mawili. Nakala moja nimempelekea mjane wake. Ameniomba nimsomee, macho yake hayaoni vizuri tena, nasi tumefika sura ya tatu.